Moyo wa Mama Mkwe

Mke wangu husema mimi nikikaa kwenye kiti, anayechoka ni kiti. Ni kweli, sijui kutulia. Wodini nazunguka, nagusa hiki, nafungua kile, nazungusha funguo kidoleni, mpaka muuguzi wetu mkuu, mama mtu mzima asiyemwogopa yeyote, ananiambia, "Daktari, kaa chini, unatutia kizunguzungu." Mimi si daktari, ni tabibu, lakini hapa Kibondo kila anayevaa koti jeupe ni daktari na nimeshaacha kuwasahihisha watu.

Hangaiko hilo la kila siku nimelizoea. Lipo la siku moja tu ambalo sijalizoea hadi leo. Siku hiyo nilitembea huku na huku upande mmoja wa pazia la kijani, mama mkwe wangu amelala upande wa pili akielekea kufa, na tabibu wake nikiwa mimi mwenyewe.

Asiye wa huku atauliza pazia lilinizuia nini. Kwetu Waha, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Leo vijana wa mjini wanacheka, wengine hata wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega, lakini mama mkwe wangu ni mwanamke wa zamani wa kijijini Murungu na mimi nimelelewa Kasulu na bibi aliyenifinya kila nilipokosa adabu. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa nilikuwa sijamtazama usoni. Tukikutana njiani yeye huingia kwenye mihogo na mimi hutazama chini, kila mmoja anapita. Nikienda kwao hunisalimia kutoka jikoni, ukuta ukiwa kati yetu, na huuliza habari zangu zote mpaka za kuku. Nilimjua kwa sauti, na kwa visigino, kwa sababu visigino ndivyo nilivyoviona akiondoka. Nilimpenda sana. Hilo nalisema wazi, maana watu hudhani heshima ya namna hii ni ubaridi.

Basi mama huyo alipata jipu juu kabisa kwenye paja. Angekuja kwetu siku ya kwanza, lingepasuliwa, angepewa vidonge na kurudi kupalilia maharage yake. Lakini hospitali ya karibu ndiyo hii anayofanya kazi mkwe wake. Alilificha wiki nzima, akalibandika majani, akafunga kanga mbili, akawaambia wanawe amejikwaa. Homa ilipozidi akamwambia mwanawe wa kiume, yaani shemeji yangu, kwamba anataka kumsalimia dada yake Kasulu. Shida yake haikuwa dada. Alitaka kutibiwa Kasulu, ambako hakuna tabibu anayemwita mama. Wakapanda gari asubuhi kutoka Murungu, na gari liliposimama stendi ya Kibondo kupakia abiria, mama akashuka kunyoosha mguu na hakuweza kupanda tena. Bajaji ikamleta kwetu. Kwa maneno mengine, alikuwa njiani kunikimbia mimi, na akaangukia mikononi mwangu.

"Mficha uchi hazai," alisema muuguzi mkuu alipofungua ile kanga ya pili na kusikia harufu. Hakusema kwa kumcheka. Macho yake yalikuwa yameshahesabu pumzi za mgonjwa.

Daktari wa upasuaji alilipasua jipu mchana uleule. Usaha ulitoka mwingi. Dawa kali za kuua vijidudu zilikuwa zimeshaanza kuingia, na oksijeni puani, na dripu mkononi. Kisha daktari akaitwa kwa mama mjamzito aliyekuwa akisubiri kupasuliwa, akaniachia mgonjwa. "Huyu ni wa kwako," alisema, akiwa hajui alichokuwa anasema, kwa sababu yeye ni mtu wa mbali na mila zetu anazisikia redioni.

Hapa lazima nieleze kidogo, na sitawachosha. Sumu ya vijidudu ikishaenea kwenye damu, mishipa ya mtu hulegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Presha inashuka, damu haifiki inakotakiwa, figo zinaanza kususa. Unampa maji mshipani kujaza ile nafasi. Wengi huinuka. Lakini kwa wengine sumu hiyohiyo hulegeza na moyo wenyewe, na moyo uliolegea ukiuletea maji zaidi hauwezi kuyasukuma. Yanarudi nyuma yakajaa mapafuni, na wewe uliyeyatundika ndiye unayemzamisha mtu juu ya kitanda kikavu. Huyo hahitaji maji. Anahitaji dawa ya kukaza mishipa na kuupa moyo nguvu, nayo ni dawa ya hatari, haitolewi kwa kubahatisha.

Zamani tulibahatisha. Tulitazama mishipa ya shingo, tukabonyeza miguu, tukasali. Siku hizi tuna kifaa kidogo, kina waya unaoingia kwenye kioo cha ukubwa wa daftari. Unakipaka jeli, unakiweka kifuani, na bila sindano wala kisu unauona moyo ukicheza, ukikunja na kukunjua kuta zake. Wauguzi wanakiita pasi, kwa jinsi kinavyopitishwa juu ya ngozi. Tuliofundishwa kukitumia kwenye moyo tulikuwa wawili tu, na mwenzangu siku hiyo alikuwa Kasulu kwenye mafunzo. Kawaida yangu, mgonjwa wa namna hii akimaliza chupa ya pili ya maji na presha haijapanda, naweka pasi. Sibishani na mtu.

Mama mkwe wangu alimaliza ya pili. Nikaagiza ya tatu. Alimaliza ya tatu, presha ileile, na mimi nikaagiza ya nne.

Niliagiza nikiwa mezani, nimempa mgongo. Muuguzi alikuwa akinisomea presha na mapigo kutoka nyuma ya pazia, nami naandika. Nilikuwa natibu karatasi. Nikajiambia bado ana kiu ya homa, nikajiambia usaha ulikuwa mwingi, nikajiambia mambo kumi, na yote yalikuwa na maana moja: pasi inawekwa chini ya titi la kushoto, na titi lile lilimnyonyesha mke wangu. Niliogopa. Mtu aliyeona vifo vingi kama mimi, niliogopa kipande cha nguo ya kijani.

Muuguzi mkuu ndiye aliyetoka na kusimama mbele ya meza yangu. "Daktari, anapumua kama mbwa aliyekimbia," alisema. "Chupa ya nne nimeitundika lakini roho yangu haitaki. Ile pasi imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi?"

Akanitazama, akalitazama pazia, akaelewa. Yeye ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi, amezaliwa huku, mila hizi ni zake kama zilivyo zangu. Hakunicheka wala kunihurumia. "Kama huwezi kwenda, mpeleke mkono mwingine," alisema. "Mimi nina mtoto wa degedege kitanda cha pili, siwezi kumwachia mtu."

Mkono mwingine uliokuwepo ulikuwa wa mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi na kaka yake, bado ana utepe wa kupimia shingoni. Mke wangu ni fundi cherehani, ana banda lake karibu na soko, na habari zilimkuta akikata sare za shule. Nikamwita. Nikampa pasi, nikamwonyesha ile alama ya pembeni ielekee wapi, nikapitisha waya chini ya pazia na kuweka kioo juu ya kitoroli upande wangu. Waya ulifika kwa shida. Ilibidi nisimame nimebana kabisa kwenye nguo, nasikia pumzi ya mama upande wa pili, fupi fupi.

"Iweke kifuani, kushoto."

"Nimeweka."

Kioo kilionyesha ukungu na mbavu.

"Shusha. Shusha tena. Pale chini ya… pale."

"Pale wapi, baba?"

Nilijua neno lake kwa Kiswahili, kwa Kiha na kwa lugha ya vitabu, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. "Pale ulipokuwa unanyonya," nilisema.

Kisha nikamsikia mke wangu akisema kwa Kiha, taratibu, "Mawe, mama yangu, nisamehe," na picha ikasogea.

Nikaanza kumwelekeza kwa lugha yake. Bonyeza kidogo, unanyoosha ukosi, usiuunguze. Sasa izungushe polepole, unafuata mshono. Umeupita, rudi. Mke wangu ana mikono mizuri, mkasi wake haujawahi kwenda upande, na ghafla moyo ukaingia kwenye kioo. Ulikaa kwa mapigo matatu, manne, ukapotea, lakini ilitosha. Ulikuwa unakimbia mbio na haufanyi kazi. Kuta zake zilitikisika tu, hazikaribiani. Nikamwomba asogeze pasi chini ya kifua, penye chembe cha moyo, nikauona mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ulikuwa umevimba, mama anavuta pumzi na wenyewe haunywei hata kidogo. Umejaa. Nilikuwa nimemjaza mimi.

"Funga maji!" nilisema kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke. "Funga hiyo dripu sasa hivi."

Muuguzi mkuu aliifunga mwenyewe akipita. Na shemeji yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaona.

Kwetu dripu ndiyo tiba yenyewe. Vidonge hupewa kila mtu, ila ukitundikiwa chupa, ndugu wanajua hospitali imekuchukulia kwa uzito. Ikifungwa kabla haijaisha, wanajua nini kinafuata. Shemeji alikuja mpaka nilipo, mtu mzima mwenye mvi, na machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Shemeji, mnamnyima mama maji? Mmeshamkatia tamaa?"

"Maji yanamuua."

"Maji yanamuua mtu? Mtu anayeungua hivi?"

"Toka nje!" nilimkaripia. Nilimkaripia kaka wa mke wangu mbele ya watu, mimi ninayejidai mtu wa mila. Alitoka akitembea kinyumenyume. Nilikuja kumwomba radhi baadaye, akaipokea, lakini najua ile sauti anaikumbuka.

Tukaanza ile dawa, kidogo kidogo, kwa matone ya kuhesabiwa. Nikatembea. Kutoka kitoroli hadi dirishani, kutoka dirishani hadi sinki, nikanawa mikono ambayo haikuwa imegusa mtu. Nje jua lilikuwa linawaka kwenye mabati ya jengo la wazazi, na mtu alikuwa anauza ndizi mbivu kama siku nyingine yoyote, jambo lililonikera sana. Presha ikapanda kidogo. Ikasimama. Halafu ikaanza kurudi chini.

Sasa nilihitaji kuuona moyo tena, na safari hii mapigo matatu ya kubahatisha yasingetosha. Kama dawa inausaidia, niongeze. Kama inauchosha, nikiongeza nammaliza. Mke wangu akaweka pasi. Nikaona ukungu. Nikasema shusha, akashusha, ukungu. Nikasema fuata mshono. "Sioni mshono wowote," alisema, na sauti yake ikakatika, nikajua analia na mkono unatetemeka. Alikuwa amesimama na mwili wa mama yake muda wote huo, akiusikia ukipoa kwenye miguu. Kile si kitu cha kumwomba binti wa mtu. Nilikuwa nimemtwika mke wangu mzigo wangu, nikauita heshima.

Nikasogeza pazia nikaingia.

Mke wangu alirudi nyuma hatua moja na kunipa pasi. Na wakati uleule, labda kwa ile presha kidogo aliyokuwa ameipata, mama mkwe wangu akafumbua macho. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutazamana. Ana macho ya mke wangu, sikuwa najua. Alinitambua, nina hakika, kwa sababu mkono wake wenye mpira wa dripu ulianza kuinuka kutoka kwenye shuka, polepole, unatafuta kanga. Niliganda na ile pasi hewani. Nikasema moyoni, akijifunika kifua natoka, siwezi kumnyang'anya nguo mama huyu, na nikitoka anakufa.

Mkono uliikamata ncha ya kanga. Ukaivuta juu. Ukapita kifua, ukaacha kifua kama kilivyokuwa, na kufunika uso.

Nilielewa. Alitimiza adabu yake yote, uso wake sikuruhusiwa kuuona. Kilichobaki aliniachia nifanye kazi.

Niliweka pasi. Mkono wangu unajua njia. Moyo ulikuja ukakaa katikati ya kioo. Kuta bado zilikuwa zimelegea, lakini sasa zilikuwa zinajaribu, upande mmoja unakwenda kuufuata mwingine, si kutikisika tu. Dawa ilikuwa inafanya kazi na ilikuwa haitoshi. Nikaongeza. Nikasubiri nikiwa nimepiga magoti hapohapo, pasi mahali pake, naangalia. Nikaongeza tena. Sikumbuki muda. Namkumbuka muuguzi mkuu akija kupima presha, akipima mara mbili kwa kutoamini, na jua likiwa limeshageuka upande wa dirisha la pili wakati alipoinama kuangalia mfuko wa mkojo chini ya kitanda na kupiga kigelegele kifupi. Mkojo ulikuwa umeanza kushuka. Ambaye hajafanya kazi hii hatajua kwa nini wanawake wawili na mwanamume mmoja walishangilia mkojo.

Alikaa wodini wiki mbili. Alipoanza kula nilirudi upande wangu wa pazia, na mwenzangu aliporudi kutoka Kasulu nilimkabidhi. Mama alimshukuru daktari wa upasuaji, akamshukuru mwenzangu, akamshukuru muuguzi mkuu kwa Kiha kirefu chenye baraka za wajukuu. Mimi hakunitaja. Siku ya kuruhusiwa nilisimama dirishani nikaona visigino vyake vikipanda gari la Murungu. Hakugeuka.

Hapo ndipo nilipojua kuhangaika ni nini. Nilikuwa nimempa mke wangu mama yake, na nilihisi nimemkosesha mama huyo kitu ambacho asingekipata tena. Nikala vibaya, nikawagombeza wagonjwa. Nikamuuliza mke wangu mara ngapi sijui, "Hajasema kitu?" Naye alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Mama hasemi kila kitu, baba." Nikawaza kupeleka mbuzi, nikaona mbuzi atakuwa ni kulitangaza jambo. Sikupeleka.

Baada ya miezi mitatu moyo kama ule unapaswa kutazamwa tena, kujua kama umerudi kawaida au umebaki na udhaifu wa kuhitaji vidonge. Mama alikataa kuja mjini, alisema maharage yameiva. Nikaomba kibali kwa mganga mfawidhi, nikaichukua pasi kwa siku moja, tukaenda Murungu mimi na mke wangu. Njia nzima nilimfundisha. Alikuwa ameshaniambia kwamba safari hii ataweza.

Tulipofika, salamu ilitoka jikoni, nyuma ya ukuta, ileile. Habari za safari, za kazi, za watoto, za kuku. Sauti ilikuwa na nguvu. Niliitikia nikitazama chini, nikakaribishwa kiti uani, nikakaa, nikasimama, nikaenda hadi kwenye migomba, nikarudi. Mke wangu aliingia ndani na pasi. Mimi nilisimama nje ya mlango na kioo mkononi, waya umepita kwenye pazia la mlango, safari hii pazia la maua.

Ukungu. Mbavu. Ukungu.

"Shusha kidogo," nilisema.

Ndani nikasikia mkeka ukikwaruza, kisha sauti ya mama mkwe wangu, yenye kukosa subira, kana kwamba anaongea na msichana asiyejua kuchambua mchele.

"Mkono wako unatafuta sana. Mpe mwenyewe."

Mke wangu akafunua pazia. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono mmoja pembeni. Uso alikuwa ameshaufunika.

Nilipiga magoti. Moyo ulikuja mara moja, ukajaa kwenye kioo, kuta zinakutana na kuachana bila haraka, moyo wa mwanamke anayelima. Nilitazama kuliko nilivyohitaji kutazama. Macho yangu yalikuwa yamejaa maji na sikutaka kuyafuta kwa mkono wenye jeli.

"Unapiga?" aliuliza chini ya kanga.

"Unapiga vizuri, mama."

"Haya. Basi toka nje, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "nivae nikupikie."

Nilitoka. Kiti kilikuwa palepale uani. Nilikaa, na sikuinuka mpaka chakula kilipoiva.